Tochi ya modi 5 inajibadilisha mwanga nikitembea: mwenye kosa ni kitako, betri au mimi?

#1 Mwendausiku
Wakuu, habari za jioni.

Nina tochi ya mkono ya betri moja ya 18650. Modi 5: chini, kati, juu, ile ya kupepesa haraka haraka (mimi naiita disko) na SOS ya kuomba msaada. Nimekaa nayo miezi miwili. Natoka kazini usiku, na umeme ukikatika nyumbani ndiyo taa yangu, kwa hiyo haipumziki. Nilitaka kuwaandikia tathmini ya kawaida tu, uzuri wake na ubaya wake, ila kuna jambo limenivuruga.

Nikiwasha modi ya chini nikaanza kutembea, baada ya hatua kadhaa inaruka yenyewe kwenda kati. Mara nyingine inafika juu. Juzi nilikuwa nashuka ngazi, mguu ulipotua kwenye sakafu ya chini nikajikuta kwenye disko mbele ya mlango wa jirani. Kafungua, kaniuliza kuna nini, nani kaita polisi.

Mengine kwa ufupi: inakaa vizuri mkononi, kioo hakijakwaruzika, chaji inaingia kwa waya wa taipu C. Boksi linadai lumeni 1200 (lumeni ni wingi wa mwanga) na saa 8. Swichi ni moja tu, ipo nyuma kwenye kitako: unabonyeza kabisa kuwasha, unabonyeza nusu kubadili modi.

Wajuzi, hii ni nini?

#2 Kiroboto77
Nimevuta kigoda.

#3 Fundi Nukta
Mwendausiku, hiyo ni springi ya kitako. Tochi za aina hiyo saketi yake haina waya wa kuiambia "badili modi". Inachojua ni kwamba umeme umekatika kidogo halafu ukarudi. Ukibonyeza nusu, unakata umeme kwa muda mfupi, saketi inahesabu, inasogea modi moja mbele. Sasa ukitua mguu kwa nguvu, betri inaruka ndani ya bomba, springi inaachia kidogo, umeme unakatika. Saketi haijui kama ni kidole au ni ngazi.

Fungua kitako, ivute springi taratibu irefuke milimita mbili hivi. Mchezo umekwisha.

#4 Spana 13
Nakubaliana na #3 kuhusu saketi kuhesabu mkato, lakini springi nadhani anaisingizia. Ukichungulia ndani ya kitako utaona pete ya chuma yenye vitundu viwili inayokandamiza swichi. Pete hiyo hulegea. Chukua kibano chenye ncha kali, ingiza ncha kwenye vile vitundu, kaza. Tochi tatu nimezitibu hivyo, na springi sikuzigusa.

#5 Mama Pacha
Mimi sina utaalamu wa springi ila nina lalamiko linalofanana. Yangu haibadiliki yenyewe, ila *inakumbuka*. Ukiizima ikiwa juu, ukiiwasha kesho inaanzia juu. Saa nane usiku nataka mwanga wa kuona nepi tu, nabonyeza, chumba kizima mchana kweupe, watoto wote wawili macho. Aliyebuni hiyo kumbukumbu hajawahi kulea.

#6 Dakika Sifuri
Dada Mama Pacha, wengine wanaililia hiyo hiyo kumbukumbu. Mlinzi anataka kila akiwasha aanzie juu. Anayelea anataka kila akiwasha aanzie chini. Kampuni inaweka kumbukumbu ili isigombane na yeyote, inaishia kugombana na wote.

Nilichojifunza kwenye yangu: kabla ya kuizima irudishe chini, ihesabu hadi tatu, ndipo uzime. Ukizima haraka sana inadhani umebonyeza nusu.

#7 Mama Pacha
Nihesabu hadi tatu na mtoto begani. Haya asante.

#8 Mzee Chemli
Vijana, sisi tulikuwa na tochi ya mawe mawili makubwa. Modi zilikuwa mbili: inawaka na haiwaki. Mawe yakichoka tunayaanika juani, jioni yanatoa mwanga tena. Hatukuwahi kuulizana mambo ya pete.

#9 Kiroboto77
Shikamoo mzee. Ulisahau modi ya tatu: unaigonga kwenye kiganja inawaka.

#10 Mzee Chemli
Marahaba. Hiyo kweli.

#11 Fundi Nukta
Mzee kwa heshima zote, niseme mapema kabla mtu hajaiga: jambo la kuanika lilikuwa la mawe ya zamani. Joto liliharakisha kemia ya ndani, yakatoa kilichobaki. Betri ya lithiamu kama ya Mwendausiku usiianike, usiing'ate, usiibonyeze. Ikipata joto kali au ikitobolewa inaweza kuwaka moto kweli, na moto wake haubembelezeki.

#12 Mwendausiku
Asanteni. Ripoti ya kwanza: nimeivuta springi kama alivyosema #3. Nimepanda na kushuka ngazi mara kumi. Imeruka mara moja tu, awali ilikuwa kila mara ya pili. Kwa hiyo imepungua, haijaisha.

Halafu nimegundua kitu. Ikiruka, sijawahi kuiona ikizima. Mwanga unapanda tu. Kama umeme unakatika, si ningeona giza kidogo?

#13 Fundi Nukta
Giza lipo, ni fupi mno. Jicho halishiki kitu kinachopita hivyo.

#14 Mtaalamu wa Mezani
Hapo ndipo ninapotofautiana nawe, Fundi Nukta. Ndani ya saketi mara nyingi kuna kapasita inayoshikilia umeme kidogo. Mkato mfupi mno, wa kufumba na kufumbua, kapasita inaufunika, saketi haijui kama kuna lililotokea. Ili ihesabu mkato, ni lazima umeme upotee muda wa kutosha, na ukipotea muda wa kutosha mtu aliyekaza macho ataona. Kwa hiyo ama Mwendausiku haangalii vizuri, ama si springi.

#15 Mwendausiku
Naangalia ngazi mkuu. Nisipoangalia ngazi nitakuja kuwaandikia nikiwa na mguu wa plasta.

#16 Zamu ya Usiku
Salaam. Mimi ni muuguzi na tochi ni sehemu ya sare yangu. Nauliza tu, kidole gumba kinakaa wapi ukitembea? Maana mimi nilikuwa naishika kwa kiganja na gumba nyuma, juu ya kitako, na swichi za kubonyeza nusu ni laini sana. Mguu ukitua, mkono unashuka, gumba linabaki. Tayari umebonyeza nusu bila kujua. Niliilaumu tochi wiki nzima, kumbe gumba.

#17 Spana 13
Hahaha. Nilikuwa sijalifikiria hilo. Mwendausiku jibu kuhusu gumba.

#18 Mwendausiku
Nilitaka kukataa lakini nimekwenda kuangalia. Gumba lipo nyuma kweli. Ila kuna siku nilipanda baiskeli, tochi nilikuwa nimeifunga kwenye usukani kwa mpira, mkono haukuigusa, na iliruka kwenye tuta. Sasa sijui.

#19 Kiroboto77
Tuta lina gumba.

#20 Dakika Sifuri
Naomba turudi kwenye boksi. Lumeni 1200 kwa saa 8, hakuna aliyeshtuka? Tupige hesabu. Betri ya 18650 nzuri ya kawaida, tuseme 3000 mAh, volti 3.6. Zidisha: wati-saa 10.8. LED nzuri inatoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Lumeni 1200 zinataka wati 12. Gawanya 10.8 kwa 12: saa 0.9, yaani dakika 54. Hizo saa saba nyingine zimetoka wapi? Boksi linadanganya.

#21 Mtaalamu wa Mezani
Hesabu yako safi, hitimisho lako si sahihi. Boksi linaweza kuwa linasema kweli, na ndiyo maana linakera zaidi.

Kuna kanuni ya upimaji wa tochi inaitwa ANSI FL1, ilianza 2009. Kwa kanuni hiyo, mwanga wa kuanzia unapimwa kati ya sekunde ya 30 na dakika ya 2 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka unahesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa kuanzia. Si mpaka tochi izime, na wala si muda iliyokaa kwenye 1200. Kwa hiyo tochi inaweza kuwaka lumeni 1200 kwa dakika chache, ikajishusha mpaka 130 hivi, ikakaa hapo usiku kucha. Lumeni 130 kwa saa 8 ni lumeni-saa 1040, na betri yako ya wati-saa 10.8 inazimudu. Zote mbili ni kweli, ila hazitokei kwa wakati mmoja.

#22 Dakika Sifuri
Daah. Nimekubali. Ni kama mtu kusema anakimbia kasi na anakimbia mbali, kumbe baada ya kona ya kwanza anatembea.

#23 Kiroboto77
Betri yangu imeandikwa 9900 mAh kwa hiyo mimi nitawaka wiki.

#24 Fundi Nukta
Kiroboto, ipime kwenye mizani ya jikoni. 18650 ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Na hakuna 18650 inayofika 9900, nyingi za zile kubwa zinaishia kwenye 3500 hivi. Namba yenyewe ni vipimo tu: milimita 18 upana, milimita 65 urefu, sifuri ya mwisho ni kwamba ni ya mviringo.

#25 Kiroboto77
Gramu 28.

#26 Kiroboto77
Naona aibu.

#27 Spana 13
Usione aibu, wengine humo ndani hukutwa kibetri kidogo na unga wa kujazia. Iondoe, usiichaji ukiwa umelala.

#28 Mwendausiku
Hilo la kujishusha nililihisi, nikaamua kupima. Nimeisimamisha mezani ikitazama dari, chumba giza, simu yenye programu ya kupima mwanga pembeni haisogei. Namba za simu zenyewe hazina maana, nalinganisha tu. Modi ya juu:

Kuwasha: 212
Dakika 1: 209
Dakika 3: 203, bomba limeanza kuwa moto
Dakika 4: 118
Dakika 10: 96
Dakika 30: 95

Kwa hiyo "juu" ina dakika nne. Ajabu ni kwamba sikuona ikishuka. Nilikuwa nimekaa hapo hapo naitazama. Kama si simu ningeapa haikushuka.

#29 Mtaalamu wa Mezani
Kwa sababu macho hayahesabu kama simu. Ili uone mwanga umekuwa mara mbili, unahitaji karibu mara nne ya lumeni. Ukikata nusu, macho yanasema "umepungua kidogo", na ukikata taratibu hayasemi kitu. Ndiyo maana mimi sishangazwi na tochi ya lumeni 2000 dhidi ya ya 1000. Ukizishika usiku, tofauti yake ni ndogo kuliko ya bei.

#30 Fundi Nukta
Kushuka dakika ya nne ni joto. Saketi inapima joto, ikiona bomba limechemka inapunguza ili LED isiungue.

#31 Spana 13
Au ni saa tu. Saketi nyingi za kawaida hazipimi joto lolote, zimepangwa dakika kadhaa basi. Mwendausiku washa feni, ielekeze kwenye tochi, pima tena. Ikishuka dakika ile ile ni saa. Ikichelewa ni joto.

#32 Mwendausiku
Nimefanya na feni. Mara ya kwanza: dakika ya nne. Nikasema haya, ni saa. Nikairudia baada ya kupoa: dakika ya sita. Nimebaki nimekaa gizani na feni.

#33 Spana 13
Betri ilikuwa imeshuka chaji mara ya pili. Ikishuka chaji inatoa umeme mdogo, joto linakuwa dogo.

#34 Fundi Nukta
Kwa hiyo ni joto.

#35 Spana 13
Sikusema hivyo.

#36 Mfuganyuki
Nimefika kwenye uzi huu kwa kutafuta taa nyekundu, nikavutwa na ngazi. Mimi natazama mizinga usiku na kilio changu ni tofauti: tochi za modi nyingi zinakulazimisha kupita kwenye disko ili urudi chini. Uko juu, unataka chini, bonyeza: disko. Bonyeza: SOS. Bonyeza: chini. Mbele ya mzinga uliofunguliwa hiyo ni hatari. Nyuki hawaioni nyekundu, wakihisi mtikisiko wanatambaa tu, lakini mwanga mweupe unaopepesa wanaufuata mpaka kwenye kioo, na nyuma ya kioo ndipo ulipo mkono.

Siku hiyo nilikimbia na tochi ikiwa SOS mkononi. Jirani aliniambia baadaye alidhani naomba msaada. Nilikuwa naomba msaada.

#37 Kiroboto77
Bandiko la mwaka hili.

#38 Zamu ya Usiku
Sina mbavu. Ila anachosema #36 ndicho kipimo changu cha kwanza kwa tochi yoyote sasa: je, naweza kutoka juu kwenda chini bila kupita disko? Wodini disko ikiwaka kwa bahati mbaya ni balaa, kuna wagonjwa wa kifafa ambao mwanga wa kupepesa unaweza kuwaamshia. Tochi niliyonayo sasa disko imefichwa, mpaka ubonyeze mara mbili haraka. Modi zake ni nyingi kuliko za Mwendausiku lakini sizikuti njiani.

#39 Dakika Sifuri
Na hiyo SOS kuna aliyewahi kuitumia kweli? Nasikia ni kifupisho cha "okoa roho zetu".

#40 Mtaalamu wa Mezani
Si kifupisho cha chochote. Ilichaguliwa kwa sababu ni rahisi kuitambua: tatu fupi, tatu ndefu, tatu fupi. Wajerumani waliianza 1905, mkataba wa Berlin wa 1906 ukaikubali kwa nchi nyingi. Maneno yalibandikwa baadaye.

Na ukija kuihitaji, iweke chini na uiache iwake. Tochi inapiga SOS kwa usahihi kuliko mkono wako unaotetemeka, na betri inakaa zaidi kwa sababu nusu ya muda imezimika.

#41 Mzee Chemli
Mnaiita tochi, tochi. Ina jina: kurunzi.

#42 Kiroboto77
Mzee, wewe mwenyewe kwenye #8 umeandika tochi.

#43 Mzee Chemli
Nilikuwa nazungumza na vijana.

#44 Mtaalamu wa Mezani
Kwa faida ya Mzee Chemli: Wamarekani nao waliipa jina la mwanga wa kumweka tu ("flashlight"), wa mara moja na kuzima. David Misell alipata hataza yake kule mwaka 1899, na betri za wakati ule na nyuzi za balbu zilikuwa dhaifu kiasi kwamba hukuweza kuiacha iwake. Unabonyeza, unaona, unaachia, unaipumzisha. Modi moja, sekunde chache.

#45 Spana 13
Yaani na wao walikuwa wanajishusha kama ya Mwendausiku, ila walisema ukweli kwenye jina.

Mimi nisaidie wanaotaka kununua: msiangalie lumeni peke yake, angalieni rangi. Mwaka jana nilikuwa chini ya gari usiku, mkononi tochi ya mwanga mweupe unaokaribia bluu, kali kweli. Waya wa kahawia na mwekundu nikaona ni mmoja. Nikaunganisha, fyuzi ikaondoka na nyingine ikaifuata. Kuna kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi, mwisho wake ni 100. LED nyingi za kawaida ziko karibu na 70. Zile za 90 na zaidi zinatoa lumeni chache kwa betri ile ile, lakini nyekundu inakuwa nyekundu. Tangu hapo nina tochi dhaifu na fyuzi zote zipo.

#46 Zamu ya Usiku
Nakuunga mkono. Ngozi ya mgonjwa chini ya mwanga wa bluu, kila mtu anaonekana mgonjwa zaidi.

#47 Dakika Sifuri
Na umbali je? Ya kwangu imeandikwa mita 200, nikimulika mwisho wa uwanja sioni mtu ni nani.

#48 Mtaalamu wa Mezani
Hiyo nayo ni FL1 ile ile. Umbali ni pale mwanga unapobaki lukisi 0.25, kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Ndiyo, unaona kuna *kitu*, hujui ni mtu au ni kisiki. Mita zinategemea kandela (ukali wa mwanga pale unapoelekezwa), si lumeni: kipeuo cha pili cha kandela mara mbili. Kandela 10,000 ni mita 200. Ukitaka mita 400 unahitaji kandela 40,000, si 20,000. Mimi nagawanya namba ya boksi kwa tatu, nikitaka kumjua mtu.

#49 Mwendausiku
Wakuu ripoti ya pili. Nimekaza pete (#4). Ilikuwa imelegea kweli, imezunguka karibu nusu. Usiku wa kwanza: haikuruka. Wa pili: haikuruka. Nilikuwa naandika kuja kumshukuru Spana 13, usiku wa tatu ikaruka mara mbili kwenye ngazi zile zile. Gumba lilikuwa pembeni, namwapia Zamu ya Usiku.

#50 Msafi
Mbona hakuna aliyesema nyuzi, zile za kufungia kitako kama skrubu? Nyuzi za kitako zikiwa na vumbi au mafuta yaliyoganda, umeme unapita kwa kubahatisha. Fungua, futa kwa kitambaa na spiriti kidogo mpaka kitambaa kitoke cheupe, futa pia ukingo wa bomba pale linapogusa kitako, paka grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mchele. Uzi mzima tunazungumza kumbe tatizo ni nyuzi.

#51 Fundi Nukta
Kwenye tochi nyingi umeme haupiti kwenye nyuzi, unapita ukingoni mwa bomba. Nyuzi zimepakwa utando mgumu wa rangi usiopitisha umeme. Ndiyo maana ukilegeza kitako robo mzunguko tochi haiwaki hata ubonyeze, na ndivyo unavyoifunga isijiwashe ndani ya begi.

#52 Msafi
Kwenye nyingi, si zote. Yangu nyuzi ni aluminiamu tupu zinang'aa, nikilegeza robo bado inawaka. Ilijiwasha begini ikatoboa mfuko wa nailoni. Kwa hiyo mtu asome tochi yake kwanza. Mwendausiku, nyuzi zako ni nyeusi au zinang'aa?

#53 Mwendausiku
Nyeusi. Ukingo una alama za moto, vidoa vidogo vyeusi kama ncha za sindano. Nimefuta.

#54 Spana 13
Vidoa hivyo ni cheche! Umeme unaruka pale ukingo usipogusana vizuri. Kitako hakikazi hadi mwisho.

#55 Fundi Nukta
Au springi inasukuma betri, betri inasukuma kitako.

#56 Mtaalamu wa Mezani
Au betri ni fupi. Kuna 18650 zenye ulinzi ndani, ndefu karibu milimita 69 na zaidi, na zisizo na ulinzi, milimita 65. Tochi iliyotengenezwa kwa ndefu ukiiwekea fupi, betri inacheza. Ipime kwa rula.

#57 Mwendausiku
65 na kidogo. Ilikuja nayo kwenye boksi lakini. Ina maana walitengeneza bomba la betri nyingine?

#58 Dakika Sifuri
Weka foili iliyokunjwa kati ya betri na springi, bomba lijae.

#59 Fundi Nukta
USIWEKE FOILI. Ikisogea ikagusa mahali pasipofaa, lithiamu inamwaga umeme wote kwa mara moja mkononi mwako. Kama ni fupi, nunua sumaku ndogo ya... hapana, sumaku nayo husogea. Nunua betri ndefu.

#60 Dakika Sifuri
Nimefuta kauli. Mzee Chemli angesema tuliweka foili na tukaishi.

#61 Mzee Chemli
Tuliweka. Yale yalikuwa mawe.

#62 Mama Pacha
Samahani nikichepuka. Yangu inachaji kwa waya wa zamani wa simu lakini kwa chaja mpya, waya wenye taipu C pande zote mbili, haisomi kabisa. Nimebadilisha waya watatu.

#63 Mtaalamu wa Mezani
Waya hauna kosa, dada. Chaja ya C kwa C haitoi umeme mpaka ione upande wa pili kuna rezista ya om 5,100. Watengenezaji wengine wa tochi huiruka rezista hiyo, kitu kidogo kuliko punje ya mtama, wakaweka tundu tu. Chaja ya mdomo mpana inatoa umeme bila kuuliza, ndiyo maana waya wa zamani unafanya kazi. Endelea nao.

#64 Mama Pacha
Miezi minne namlaumu mume wangu kwamba kaiharibu chaja. Naenda kumpikia.

#65 Kiroboto77
Mpikie kwa modi ya chini.

#66 Mwendausiku
Ripoti ya tatu. Nimepata betri ndefu, ya milimita 69. Inaingia kwa kubana, kitako kinafunga. Wiki nzima haijaruka. Nilipotaka kuwa na uhakika nikarudisha ile fupi ya zamani ili iruke nijue ndiyo yenyewe.

Jana nimepanda na kushuka ngazi mara ishirini na betri fupi. Haijaruka hata mara moja.

#67 Fundi Nukta
Springi ilijinyoosha.

#68 Spana 13
Pete ilikaa.

#69 Msafi
Ulifuta nyuzi.

#70 Zamu ya Usiku
Gumba lipo wapi siku hizi?

#71 Mwendausiku
Pembeni. Sijui tangu lini.